Unga wa wagonjwa wa kisukari: faida iko kwenye pumba

Rafu za maduka ya Dar es Salaam hazina shida ya unga wa "wagonjwa wa kisukari". Kuna dona, ulezi, mtama, michanganyiko yenye soya, na siku hizi hata sembe iliyorudishiwa pumba. Swali la mnunuzi ni moja: mbona dona, isiyokobolewa, mara nyingi haiuzwi rahisi kuliko sembe?

Msagishaji mmoja wa Tandale haoni fumbo hapo. Akikoboa, anauza mara mbili: unga kwa mwenye duka, pumba kwa mfugaji wa kuku. Kwenye dona pumba zimeingia kirobani, na hela yake imeingia humo humo. Halafu dona haikai. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa joto la pwani unga huanza kuwa mchungu mapema. Mwenye duka akirudisha viroba, hasara ni ya msagishaji. Kinachomuudhi zaidi ni wenzake wanaonunua sembe, wakaikorogea pumba kwa koleo, wakabandika lebo ya "nyuzinyuzi nyingi" bila kutaja gramu hata moja. Yeye mwenyewe, kwa kweli, hataji pia.

Afisa mmoja wa lishe anaiona biashara hii kwa matumaini makubwa. Hoja yake ni utafiti wa kitaifa wa 2012, uliokuta takribani asilimia 9 ya watu wazima wana kisukari. Takwimu hiyo imezeeka, na wengi waliohesabiwa humo hawakujua kuwa wanaumwa. Asiyejua anaumwa hanunui unga wa wagonjwa.

Afisa huyo hakugusia sumukuvu mpaka alipoulizwa. Kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya, sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, yaani pale pale zilipo nyuzinyuzi. Alijibu kuwa unga hukaguliwa. Huenda ule wa viwanda vikubwa. Vinu vya uswahilini ni habari nyingine.

Mapendekezo ya kimataifa ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na bakuli la maharage lenye mchicha pembeni husogeza mbele hesabu hiyo bila lebo yoyote. Soko la unga huu linaweza kukua, hasa mijini. Lakini chakula cha kuku kikipanda bei, msagishaji wa Tandale anasema atarudi kukoboa.