Nyufa za Madaraja ya Chuma na Tarehe za Kuzikagua

Msafiri ashikaye njia ya Embu kwenda Meru, akivuka Thuci, Nithi na Mutonga, mito iteremkayo Mlima Kenya kuufuata Tana, aghalabu huwa na hofu moja tu moyoni, nayo ni daraja la Nithi, ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ubaya wa mahali pale ni mteremko mkali na kona yake, mambo ambayo kila mwenye macho huyaona. Madaraja ya chuma yana adui mwingine, ambaye hukaa batini miaka mingi kabla ya kudhihiri.

Chuma huchoka. Kila lori lipitapo, mhimili huinama kidogo kisha hurejea ulivyokuwa, na ijapokuwa mzigo ule mmoja hauudhuru, marudio yake mamia ya maelfu huzaa ufa mahali palipo na dosari, kama vile ukingoni mwa kiungo kilichochomelewa, kwenye tundu la bolti, au penye shimo lililochimbwa na kutu. Katika viungo vya kuchomelea, mkazo ukizidi maradufu, madhara yake hukaribia kuwa mara 8. Kwa hiyo mwenye lori la mchanga wa Mbeere ambaye huzidisha shehena hujikopesha umri wa daraja la umma bila ya ruhusa ya mtu. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha tani 56 hata kwa lori kubwa kabisa, na daraja dogo la shambani huenda lisistahimili hata nusu yake.

Somo kubwa katika jambo hili lilitoka Marekani. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja lililoitwa Silver Bridge, lililojengwa mwaka 1928 juu ya mto Ohio, lilianguka jioni likiwa limejaa magari, na watu 46 wakapoteza maisha. Chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi, ndani ya tundu la pingo moja la chuma, mahali ambapo mkaguzi hangeweza kuona ila kwa kukifungua kiungo chenyewe. Na kwa kuwa mapingo yalikuwa mawili tu kila upande, moja lilipokatika la pili halikuweza kubeba mzigo wote. Ndipo Wamarekani walipoweka kanuni, mwaka 1971, ya kukagua madaraja yao kila baada ya miaka 2.

Nalitaja daraja hilo kwa makusudi, maana viungo vya pini kama vyake vingali nasi. Daraja la kupachika kwa pini la Mwingereza Donald Bailey, lililobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili askari sita waweze kunyanyua kipande kimoja cha kilo 260 hivi, hutumika Kenya pale mafuriko yanapochukua daraja la zamani. Lilikusudiwa kuwa la muda. Na vitu vya muda, kwetu, vina tabia ya kuzeeka papo hapo vilipowekwa.

Mkaguzi huanza kwa jicho, taa na brashi ya waya. Mstari mwekundu wa kutu uvujao juu ya rangi nzima ni dalili ya kwanza. Akishuku, hupaka kimiminika chekundu kipenyacho, hufuta, kisha hunyunyiza unga mweupe, na ufa hujichora wenyewe. Penye unene hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Methali yetu ya kuziba ufa haimfai fundi huyu hata kidogo, kwani kuupaka rangi ni kuuficha. Yeye huweka alama kwenye ncha zake mbili, huandika tarehe, na mara nyingine hutoboa tundu la mviringo nchani ili mkazo utawanyike.

Alama ile ndiyo asili ya ratiba. Ufa huenda polepole ukiwa mfupi, kisha huharakisha kadiri urefukavyo. Basi mhandisi hukisia muda wa kutoka urefu uonekanao hadi urefu wa hatari, akaugawa ili apate nafasi mbili au zaidi za kuugundua. Tuseme muda huo ni miaka 3: kukagua kila baada ya miaka 4 ni kukagua matanga. Na kwa nchi ya Meru na Embu, miezi ifaayo ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, mito inapopungua na mtu anaweza kusimama chini ya daraja.

Lililo gumu ni kulifunga daraja ufa ukifikia urefu wa hatari. Majani chai yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yasipofika kiwandani siku ile ile huharibika, na mkulima atamlaani mkaguzi mbele ya mwakilishi wa wadi. Kwa sababu hiyo ningependa amri ya kufunga iandikwe mapema, ikitaja urefu wa ufa utakaotosha na jina la cheo cha atakayetia sahihi, iwe barabara ni ya kaunti au ya Mamlaka ya Barabara za Vijijini, KeRRA, na njia ya kuzungukia ionyeshwe katika waraka huo huo.