Je, Wajua Kompyuta Elfu Tano Huongozwa Vipi kama Moja?

Ukisimama Shelly Beach, hapa Timbwani, Mombasa, meli ya makontena ikapita mlangoni kuelekea bandari ya Kilindini, utaona kazi iliyorahisishwa kwa akili nyingi. Mwenye kreni hana haja ya kujua kama ndani mna mchele, matairi au friji. Makasha yana vipimo maalumu, basi kreni ileile huyabeba yote. Programu za kompyuta nazo siku hizi hufungwa hivyohivyo: kila moja huwekwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ili mashine yoyote iweze kuiendesha bila kuuliza maswali. Mafundi wameziita makontena vilevile.

Lakini makontena hayajipangi yenyewe. Ni nani anayeamua lipi liende kwenye kompyuta ipi? Na kompyuta ikizimika saa nane za usiku, nani huihamisha kazi yake? Hiyo ndiyo kazi ya programu ya kuongoza klasta. Ni programu ambayo kwa miaka thelathini imebomolewa na kujengwa upya mara kadhaa, na kila ilipojengwa upya, kosa la ile iliyotangulia ndilo lililokuwa somo.

Taabu ya kompyuta kumi na sita

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi moja. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486, wakaziendesha kwa Linux. Waliiita Beowulf. Ilithibitisha kwamba hesabu nzito hazihitaji mtambo mmoja wa bei ya kuogofya.

Taabu ikabaki kwenye utunzaji. Kila mashine ilitaka kuwekewa programu zake, mipangilio yake na watumiaji wake. Moja tu ikiwa na toleo tofauti la programu, kazi nzima yaweza kukwama, au ikatoa jibu lisilo sahihi na mtu asijue.

Mwaka 2000, kituo cha kompyuta kuu cha San Diego kilitoa programu iitwayo Rocks. Waliokuja nayo walikuwa na wazo la ujasiri: mashine ikipotoka, usihangaike kutafuta kilichobadilika ndani yake. Ifute yote, uisakinishe upya kupitia mtandao kutoka mashine kuu. Dakika chache baadaye inafanana na wenzake.

Wazo hilo lilifika Kenya mapema. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, ilikuwa na klasta ya mashine 32 zilizoongozwa na Rocks mwaka 2003, kwa ajili ya hesabu za jenetiki. Kufikia 2010 nyingi zilikuwa zimeondolewa, na mahali pake pakawekwa seva moja kubwa. Lakini mashine moja, hata iwe kubwa namna gani, ina ukomo wake. Miaka michache baadaye taasisi ilikuwa tena na seva kadhaa, safari hii programu ya SLURM ikigawa kazi kwa zamu na GlusterFS ikiunganisha diski zikaonekana kama diski moja. Vifaa viliongezeka, ndiyo, ila kilichobadilika zaidi ni namna ya kuviongoza.

Borg na mrithi wake

Kampuni ya Google ilikuwa na tatizo hilohilo kwa kiwango kingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitumia programu yake ya ndani iitwayo Borg, ambayo kundi moja chini yake huwa na mashine kama 10,000. Mwaka 2014, Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie walikuwa miongoni mwa wahandisi wa Google waliozindua Kubernetes, programu mpya iliyoandikwa tangu mwanzo na kuachwa wazi kwa kila mtu. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015. Leo hii klasta moja ya Kubernetes yaweza kufikia mashine 5,000.

Wahandisi wake walisema bayana makosa waliyotaka kuyaepuka. Katika Borg, kazi zote za mashine moja zilitumia anwani moja ya mtandao, kwa hiyo ilibidi zigawiwe milango (port) kwa uangalifu zisigongane. Kubernetes ikalipatia kila fungu la makontena anwani yake. Borg pia ilijua njia moja tu ya kuzipanga kazi, ndipo watumiaji wakawa wanarundika habari ndani ya majina marefu. Kubernetes ikaruhusu lebo: hii ni ya malipo, hii ni ya majaribio, hii ni toleo la pili.

Lililobaki ndilo kubwa zaidi. Hutoi amri hatua kwa hatua. Unaandika hali unayoitaka, kwa mfano nakala tatu za programu hii ziwe hai wakati wote, kisha programu hulinganisha unachotaka na kilichopo, bila kuchoka, na kurekebisha tofauti.

Stima inapopotea

Tazama yanayotokea mashine moja inapozimika. Kwa kawaida kila mashine hutuma ishara kila sekunde 10 kusema ipo hai. Ikinyamaza kwa muda usiofika dakika moja, huandikwa kuwa haiko tayari. Hapo kazi zake hazihamishwi mara moja. Mpangilio wa kawaida husubiri dakika 5 ndipo nakala nyingine zianzishwe kwenye mashine zilizo hai. Subira hiyo ina maana. Pengine ni mtandao tu uliokatika kidogo, na kuhamisha kila kitu kwa pupa kungezilemea mashine zilizobaki.

Kumbukumbu ya hali inayotakiwa nayo haiwekwi pahali pamoja. Hutunzwa na programu iitwayo etcd kwenye mashine 3 au 5, na hakuna badiliko linalokubaliwa mpaka zaidi ya nusu ziafikiane, kwa utaratibu wa Raft uliochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford. Zikiwa 3, moja yaweza kufa na mambo yakaendelea. Ukiongeza ya nne hupati nafuu yoyote, kwani sasa wingi ni 3, na bado unaweza kupoteza moja tu.

Ya Timbwani

Kwa watu wenye vifaa vichache, Kubernetes kamili ni nzito. Ndiyo maana mwaka 2019 kampuni ya Rancher ilitoa K3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa ikawa faili moja lisilofika megabaiti 100. Inakwenda hata kwenye Raspberry Pi, na ni bure.

Nyaya za baharini zilianza kuwasha intaneti ya kasi Mombasa mwaka 2009, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na nyingine zimefuata. Isiwe kwamba data inatua kwetu halafu ujuzi wa kuiongoza tukautafute Nairobi na ng'ambo. Vijana wenye laptopu tatu za mtumba na swichi moja wana maabara ya kutosha. Sakinisheni K3s, mtake nakala tatu za programu ndogo, kisha mchomoe kwenye swichi moja ya laptopu za kazi. Msiguse ile kuu inayoziongoza nyingine, kwa maana katika mpangilio wa kawaida wa K3s kumbukumbu yote imo humo. Hesabuni dakika, mtaiona nakala iliyopotea ikifufuka kwenye mashine nyingine. Kisha someni kwa nini. Amri mtakazozitumia kwenye laptopu hizo tatu ndizo wanazozitumia wanaoongoza mashine elfu tano.