Ndimu Hukata Makali, Haikati Sumu

Katika soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, na kule Kawangware karibu na steji ya 56, ndimu huuzwa kwa mafungu. Wakazi wengi wa Nairobi huziita zote limau, za kijani na za manjano. Kwa anayetaka kuchanganya jin nyumbani, anayoitafuta ni ile ndogo ya kijani, iliyo nzito mkononi na yenye ganda laini. Iviringishe mezani kwa kiganja mpaka ilegee, ikate kwa upana, kisha ikamue. Hapo ndipo uchambuzi huu unapoanzia: maji hayo yanafanya kazi gani ndani ya pombe kali, na kazi ipi hayaiwezi?

Tuanze na yanayoiweza. Pombe kali huunguza ulimi na koo. Uchachu wa ndimu na utamu wa sukari huuvuta ulimi upande mwingine, ule moto ukasikika kwa mbali. Lakini ndimu peke yake hukwaruza, na sukari peke yake hukinaisha, ndiyo maana vipimo ni vya lazima. Kanuni ya zamani ni rahisi kukumbuka: jin sehemu mbili, ndimu sehemu moja, shira sehemu moja. Shira huandaliwa kwa kikombe cha sukari na kikombe cha maji, ukapasha moto mpaka sukari iyeyuke, ukaacha ipoe. Chukua mililita 50 za jin, 25 za ndimu na 25 za shira, tia kwenye chupa ya jemu yenye barafu, funga kifuniko na utikise mpaka chupa iumize vidole kwa baridi. Barafu inayoyeyuka ni sehemu ya kinywaji, kwa kuwa maji yake hulainisha mchanganyiko. Asiye na friji aongeze maji ya mtungini, vijiko viwili hivi vya mezani.

Sasa tupige hesabu. Jin ya asilimia 40 ina mililita 20 za pombe tupu katika kipimo hicho cha mililita 50. Chupa ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina 21. Glasi ndogo ya jin na ndimu, basi, ni sawa na chupa nzima ya bia, ila hushuka kama sharubati. Ndimu imeuficha moto, haijaupunguza. Anayekunywa glasi tatu kwa mwendo wa sharubati amekunywa bia tatu kabla mwili haujapata nafasi ya kumwambia.

Lakini kuna jambo zito kuliko hilo. Mitaani wapo wanaoamini kwamba ndimu "huua" ubaya wa pombe. Haiui. Sumu inayoua watu kwa makumi katika pombe ya magendo ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo kwa macho na kwa pua ni vigumu kuitofautisha na pombe ya kawaida. Kangara, yaani mchanganyiko uliochachushwa wa mahindi au sukari nguru, hutoa methanoli kidogo mno. Maafa hutokea pale mfanyabiashara anapoiongeza makusudi ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mililita 10 zinaweza kupofusha, na 30 zinaweza kuua. Ukiikamulia ndimu, utakuwa umeongeza asidi ya tunda tu, na sumu itabaki palepale.

Historia ya Kibera inatusaidia kuelewa tulifikaje hapa. Ardhi hiyo walipewa askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na wanawake wa jamii hiyo wakajulikana kwa kutonesha pombe iliyoitwa jin ya Wanubi. Haikuwa jin kwa maana kamili, kwani jin hupata harufu yake kutokana na matunda ya mti wa jamii ya mtarakwa wetu wa milimani. Ilikuwa chang'aa, ndugu wa waragi ya Uganda. Serikali ya kikoloni iliipiga vita, lakini mapato yake yalilisha nyumba, na mnywaji alimjua aliyeitonesha.

Mwaka 1980 Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria yake maalumu. Watu hawakuacha kunywa. Biashara iliingia gizani, na gizani mnywaji hamjui tena aliyepika. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye sumu, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Mukuru. Sheria ya mwaka 2010, inayojulikana kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliondoa marufuku hiyo, ikataka leseni na chupa isiyopungua mililita 250. Hata hivyo, Mei 2014 takriban watu 100 walikufa tena katika kaunti kadhaa. Sheria ilifungua mlango, lakini bei ya leseni na ya chupa ilimwacha nje mpishi mdogo pamoja na mteja wake maskini. Naamini kosa letu kubwa limekuwa kumlaumu mnywaji, badala ya kuuliza nani amemuuzia na amemtilia nini.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kisu cha kukatia ndimu, geuza chupa. Tazama kama kifuniko hakijaguswa, kisha kagua stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Na mtu aliyekunywa jana akiamka leo anaona ukungu, anatapika au anahema kwa shida, msimwache alale "pombe imtoke". Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na mseme wazi alichokunywa, bila aibu na bila kuogopa polisi. Daktari ana dawa ya kuzuia sumu hiyo isigeuke asidi, lakini dawa humfaa aliyewahi.