Mfiwa Mkristo Aachwe Alie

Mkristo akifiwa, iwe Kikole, Kivinje au Lindi mjini, hakosi mtu wa kumwinamia pale mkekani na kumwambia: "Jikaze, usilie, ni mapenzi ya Mungu." Msemaji ana nia njema. Lakini neno hilo humfunga mfiwa mdomo na kumtwisha mzigo wa pili, kwamba akilia ataonekana imani yake haba. Biblia haifundishi hivyo.

Katika Zaburi zote 150, karibu thuluthi moja ni za maombolezo. Humo watu wanamlalamikia Mungu waziwazi, wanamuuliza yuko wapi na mbona amenyamaza. Nyingi hugeuka mwishoni zikawa shukrani. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio na inaishia gizani, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Ndiyo ninayowasomea wafiwa kwanza, maana inampa mtu ruhusa ya kusali hata siku ambayo hana neno jema la kumwambia Mungu. Yesu naye alilia alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro. Paulo, alipowaandikia Wathesalonike juu ya ndugu zao waliolala, hakuwakataza huzuni; aliwakataza huzuni isiyo na tumaini. Na tumaini hilo limesimama juu ya ufufuo wa Kristo, si juu ya macho makavu ya mfiwa.

Ukanda wetu wa kusini unaujua msiba. Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha kuwaka katika milima ya Umatumbi, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini alifika Kilwa kwa meli, akashika njia ya Liwale kwa miguu ili aende Peramiho. Alifuatana na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 wote watano waliuawa njiani, Mikukuyumbu. Mwezi huohuo misheni ya Nyangao ilishambuliwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha.

Anayeishia hapo amesimulia kipande kidogo tu cha msiba ule. Wenyeji walikuwa wameinuka dhidi ya kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Watawala wa Kijerumani waliwajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya watu 75,000 na 300,000 waliokufa. Hao nao ni marehemu wetu, na Kanisa la kusini lina wajibu wa kuwaombolezea sawasawa na askofu wake.

Mwaka 1906, chini ya Askofu Thomas Spreiter, Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda, si mbali na Nyangao. Hospitali yake hadi leo inatibu Wakristo na Waislamu. Ujasiri wa imani ninaouamini una sura hiyo: kurudi kufanya kazi palepale ulipoumia.

Na kwa mfiwa, kazi ya kwanza ni kukaa naye. Rafiki za Ayubu walipomfikia, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walianza kukosea walipofungua midomo kumweleza sababu ya msiba wake. Watu wa pwani kukaa tunajua. Waislamu na Wakristo huchimba kaburi pamoja, kina mama hushika masufuria, ubani hukusanywa. Shida huanza tanga likishaanuliwa. Wageni wameondoka, na mjane anajikuta jioni amepima unga wa watu wawili. Hapo ndipo anapohitaji watu, na hapo ndipo tunapoadimika.

Huzuni nyingine huvuka mpaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, linaitambua huzuni ya muda mrefu kuwa ni maradhi: miezi sita au zaidi imepita, na mtu bado amezama katika majonzi kiasi cha kushindwa kuendesha maisha yake. Huyo apelekwe zahanati au hospitali. Maombi na tiba havigombani, na kumwambia aongeze imani ni kumwonea.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya na vikundi vya sala, msifunge daftari la msiba siku ya arobaini. Pangeni zamu za kumtembelea mfiwa hadi mwaka ugeuke: huyu ampeleke mtoto shule, yule amsaidie palizi. Mkifika, mtajeni marehemu kwa jina lake, na mfiwa akilia msimnyamazishe.