Shule ya Sanaa ya Makerere na Kazi ya Mikono

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili apate karo hufadhaika sana anapoambiwa kwamba mwanawe ataka kusomea uchoraji na uchongaji. Huuliza mara moja, "Je, miaka hiyo yote ni ya kuchezea rangi?" Swali hilo si la kijinga, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Afadhali tuitazame shule yenyewe, na kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki hapana mfano mwema kuliko ile ya Makerere, Uganda, ambayo vijana wa Kenya na Tanganyika waliiendea tangu miaka yake ya mwanzo.

Shule hiyo haikuanza na jumba. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa London, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache barazani pa nyumba yake huko Kampala. Mumewe alikuwa daktari, na kabla ya kuhamia Uganda walikaa Kenya, ambako Bibi huyo alivutiwa na kazi za mikono za Wakamba. Miaka miwili tu baadaye, yaani mwaka 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Desturi yake ilikuwa kusimulia hadithi au habari za kijijini, kisha kila mwanafunzi achore alivyoliona jambo lile moyoni mwake. Hakupenda waige picha za Ulaya.

Alipostaafu mwaka 1958 alifuatwa na Bw. Cecil Todd, naye alikuwa na shauri jingine. Alitaka mwanafunzi ajue historia ya sanaa ya mataifa mengine pamoja na kanuni za rangi. Watu wamebishana sana juu ya walimu hawa wawili. Kwa maoni yangu Bw. Todd alikuwa na haki katika jambo moja: mchoraji asiyejua rangi yake itakuwaje ikikauka hufanya kazi kwa kubahatisha. Lakini bila Bibi Trowell pengine pasingekuwapo shule ya kubishaniwa.

Tuingie sasa katika chumba cha kazi cha shule kama hii, maana hapo ndipo karo inapokwenda. Kwanza ni nuru. Katika nchi zetu za ikweta madirisha hufaa kuelekea kaskazini na kusini, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni likiingia moja kwa moja huyadanganya macho, na rangi iliyopendeza saa moja asubuhi huonekana nyingine adhuhuri. Kisha kuna meza nzito, patasi, nyundo, mawe ya kunolea, na mapipa ya udongo.

Udongo huo ni kazi kubwa. Huchimbwa, hulowekwa, huchujwa mawe na mizizi, kisha hukandwa sana mpaka hewa yote itoke. Sanamu nene yapasa kuchimbuliwa ndani ibaki tupu, ikaushwe polepole chini ya kitambaa kibichi, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia kukauka hupasuka. Ndipo iingie tanuri, ambamo joto hufika kadiri ya digrii 1,000. Ikiwa kuna unyevu uliobaki ndani, maji hugeuka mvuke na sanamu hupasuka kwa kishindo, ikaharibu na kazi za wenzake walio jirani. Mwanafunzi mvivu huwatia hasara wenye bidii! Mama zetu wafinyanzi waliijua kanuni hiyo kabla ya shule yo yote kujengwa, nami naona ajabu kwamba mara chache wao hualikwa kufundisha.

Na matunda yake? Bw. Gregory Maloba, Mkenya, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa uchongaji, akawa mwalimu hapo hapo Makerere. Sanamu yake ya Uhuru wa Uganda ya mwaka 1962, ya mtu aliyezungushiwa vifungo naye akimwinua mtoto juu, imesimama Kampala hata leo. Bw. Sam Ntiro wa Tanganyika alichora maisha ya Wachagga, na jumba moja kubwa la sanaa la New York lilinunua picha yake mwaka 1960. Bw. Elimo Njau alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Murang'a mwaka 1959, akimweka Kristo katika mashamba na milima ya Kikuyu.

Lakini mzazi aliuliza juu ya mkate, basi na asikie kweli. Hata mafundi hao mashuhuri walitegemea ualimu au kazi nyingine, Bw. Ntiro alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Ni wachache walioishi kwa picha peke yake.

Bibi Rosemary Karuga wa Kenya alisoma Makerere kuanzia mwaka 1950 hata 1952, kisha akafundisha shuleni miaka mingi. Uzeeni aliirudia sanaa, ingawa hakuwa na fedha za rangi. Alikata vipande vya makaratasi ya sabuni na mifuko ya unga, akavibandika kwa gundi kimoja kimoja mpaka vikawa kuku, wanyama na wanawake wa kijijini, na picha hizo zikaonyeshwa katika nchi za ng'ambo.