Kupeleka watoto wenye ulemavu kuona sokomutu Lwiro: mambo ya kujua mbele ya kutoka nyumbani

Mwaka wa masomo ukielekea mwisho, shule nyingi za Bukavu, Kabare na Kalehe zinatafuta pahali pa kutembeza watoto, na jina la Lwiro halikosi kutajwa. Watoto wanaandikwa, wazazi wanatoa franga, basi inakodiwa. Na karibu kila mara kuna mtoto mmoja ao wawili wenye wanabakia nyumbani: ule asiyetembea, ule asiyesikia, ule anayelia watu wakiwa wengi, ule wa kifafa. Hakuna mtu mwenye anawafukuza wazi wazi. Mwalimu anasema tu «huyu itakuwa nguvu», mzazi ananyamaza kwa aibu, mambo inaishia pale.

Sheria yetu haikubali hivyo. Katiba, katika kifungu chake cha 49, inasema kama mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022, namba 22/003, inaeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu kwa urefu. Lakini sheria haisukume kiti cha magurudumu ndani ya matope. Kwa hiyo tuzungumzie matope yenyewe.

Kwanza tuseme kwa nini Lwiro. Watu wengi wakisikia «parki ya Kahuzi-Biega» wanafikiri moja kwa moja gorila wa Tshivanga. Parki hiyo iliundwa mwaka 1970, UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuona gorila kule ni kazi ya miguu: mnafuata walinzi ndani ya pori na mianzi, kupanda na kushuka, na hakuna anayejua kama mtatembea nusu saa ao saa tatu. Tena mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwe. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, ao ule wenye moyo wake ni dhaifu, hiyo si safari yake.

Lwiro ni kitu kingine. Iko kilometa karibu 45 kutoka Bukavu, unapita Kavumu. Wabelgiji walijenga pale kituo cha uchunguzi wa sayansi, IRSAC, kilichoanzishwa mwaka 1947, na leo kinaitwa CRSN. Ndani ya eneo hilo, mwaka 2002, ICCN na CRSN walifungua kituo cha kutunza nyama wa jamii ya nyani walionyanganywa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Sasa kuna sokomutu zaidi ya 100, pamoja na nyani na kima wa aina nyingi. Hauhitaji kuwatafuta porini. Wako ndani ya uzio, wewe unasimama inje. Mtoto akichoka mnakaa. Akikataa mnarudi kwenye gari. Kwa familia yenye mtoto mwenye mahitaji ya pekee, uwezo huo wa kusema «basi, turudi» ni muhimu kupita gorila wote wa Tshivanga.

Jambo lenye kushangaza wageni zaidi ni kelele. Sokomutu mmoja akianza kupiga yowe, wengine wanamujibu, wanapiga mbao na vyuma, wanarukaruka, mara nyingine wanatupa majani, udongo, hata mavi. Watoto wengi wanacheka. Mtoto wa otisimu anaweza kuanguka chini, kujiuma mikono, ao kukimbia bila kuangalia mbele. Na pale hatari ni ya kweli, kwa sababu uzio mwingine una nyaya za umeme na sokomutu mkubwa ana nguvu kupita mwanaume yeyote. Kwa hiyo mtoto wa namna hii awe na mtu wake mmoja, mkubwa, mwenye kazi yake ni moja tu. Si mwalimu mwenye watoto kumi na watano. Awe mama, shangazi, kaka mkubwa, mtu mtoto anamuzoea.

Wiki moja ao mbili mbele ya safari, mutafute kwenye simu sauti ya sokomutu na kumusikilizisha kidogo kidogo, kwanza chini, kisha juu. Mumuonyeshe picha za mahali. Mumuelezee siku itakavyokuwa, kwa mpangilio ule ule kila jioni: tutapanda gari, tutaona nyama, tutakula, tutarudi. Siku yenyewe mpangilio usigeuzwe kwa furaha ya watu wakubwa. Kama ana kitu cha kufunika masikio, mubebe. Kama hakuna, kitambaa kizito cha kichwa kinasaidia. Na namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye kipande cha nguo na kushonwa ndani ya shati. Mtoto asiyesema, akipotea, atasema kupitia shati.

Kuna jambo lingine wazazi hawalitarajie: mtoto anaweza kuua sokomutu. Si kwa jiwe, kwa mafua. Magonjwa yetu ya kifua yanaingia kwao vyepesi sana. Mwaka 2013, kule Kanyawara katika pori la Kibale, Uganda, virusi vya mafua ya kawaida ya watu viliingia kwenye kundi la sokwe 56, watano wakakufa. Mafua hayo, kwa mtoto wa hapa kwetu, ni makamasi ya siku tatu tu. Ndiyo maana katika vituo kama hivi wanaomba barakoa, kunawa mikono, na kusimama mbali. Mtoto mwenye kikohozi abakie nyumbani siku ile, awe na ulemavu ao asiwe nao.

Sasa barakoa ni shida kwa watoto wengi wa otisimu, hawavumilie kitu usoni. Mumuzoeze nyumbani, dakika moja, kisha mbili. Ikishindikana kabisa, museme wazi kwa muongozaji mbele ya kuingia na mukubali kubakia mbali zaidi na uzio. Kubishana mlangoni mtoto akiwa tayari amechoka hakufae mtu. Watoto wa trizomi nao wanashikwa na mafua mara nyingi kupita wengine, na karibu nusu yao wanazaliwa na kasoro ya moyo. Kama midomo ya mtoto inageuka bluu akipanda kilima, mumuone munganga kwanza.

Kwa mtoto asiyetembea, kitu cha kuuliza si «kuna njia?» Njia ipo. Uulize: mvua ilinyesha lini, njia ni pana namna gani, kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi na mlango wake una upana gani. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano. Mwezi wa sita mpaka wa nane udongo ni mkavu, magurudumu yanapita. Baiskeli ya matairi matatu ni nzuri barabarani lakini ni pana, inaweza kukwama kwenye njia ndogo. Mukubaliane na vijana wawili wenye nguvu watakaomubeba pale panaposhindikana, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anapenda kubebwa mgongoni ao kwenye kiti. Mvulana wa miaka kumi na miwili anaona haya kufungwa kitenge kama mtoto mchanga.

Asiyesikia anahitaji alama moja ya mkono kwa «simama» na moja kwa «rudi», zenye watu wote wa kundi wanazijua, dereva pia. Asiyeona ndiye mara nyingi anaachwa kwa kusema «atafaidi nini?» Atafaidi zile kelele zenye kusumbua wengine! Mtoto kipofu anaweza kusikia kama wanaopiga yowe ni watatu ao sita, wakubwa ao wadogo, wakiwa na hasira ao wakiomba chakula. Mtu asimame pembeni yake na kumueleza kwa sauti ya chini kile kinachotendeka. Tena amuache aguse magome ya miti, majani, ukuta wa mawe.

Kuhusu kifafa: dawa isirukwe asubuhi ya safari, na usiku mtoto alale vizuri, maana kukosa dawa na kukosa usingizi ndiyo mambo yenye kuleta kifafa mara nyingi. Akianguka, mulazeni kwa upande, muondoe mawe karibu, muangalie saa. Musimutie kijiko wala kidole mdomoni. Mate yake hayaambukize mtu, wale wanaokimbia wanakimbia bure. Ikipita dakika tano, hospitali. Lwiro kuna hospitali ya watoto yenye watu wanaijua tangu zamani kwa kutibu utapiamlo. Muulize iko upande gani mkifika tu.

Chakula mubebe cha kwenu, na musile karibu ya nyama.

Kitu kimoja tukiseme bila kuzunguka, kwa sababu ndicho kinazuia wamama wengi kuliko feza. Wanaogopa kama watoto wengine watamucheka mtoto wao mbele ya nyani, watasema anafanana nao. Inatokea. Mwalimu aongee na darasa mbele ya safari, si nyuma ya machozi. Tena katika vituo kama hivi sokomutu wengi wanafika na vidonda vya mitego ya kamba. Wengine wamekosa vidole, wengine mkono mzima, na bado wanapanda, wanakula, wanapigania ndizi. Mtoto mwenye mkono mmoja atawaona mwenyewe. Hakuna haja ya mtu kumuhubiria.

Usalama ninyi munaujua kupita sisi. Barabara ya Kavumu inabadilika kutoka wiki moja mpaka nyingine, na ndani ya parki yenyewe kuna sehemu zenye watu wa silaha. Muulize wale waliopita jana, si waliopita mwezi jana. Kisha mupige simu Lwiro siku kadhaa mbele: museme ni watoto wangapi, kila mmoja ana ulemavu gani, na muombe muda wa asubuhi, wakati hakuna kundi lingine. Muulize bei ya watoto na ya wakaaji wa inchi, na mufahamu kama ule mtu mkubwa wa kumusindikiza mtoto anahesabiwa kama mgeni mwenye kulipa. Hilo muelewane kwa simu, si kwenye mlango.