Mbele ya kupiga musumari, uliza frigo itatokea wapi

Mwezi huu tuongee juu ya kazi moja ya nyumba: kuweka mabao chini jikoni, ile tunaita parke, wakati makabati, frigo na kuzinyere viko tayari ndani. Nitakuambia pia kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudilie.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya wakati wa kampuni. Jikoni chini kulikuwa sima nyekundu yenye kupasuka. Makabati yalijengwa kwa ukuta, na juu yao meza ya sima. Frigo ilisimama chini ya meza ile, kuzinyere pembeni. Bibi yangu aliweka feza kidogo kidogo kwa kuuza samaki ya tomson, ambayo alitunza katika frigo ile ile. Siku moja akasema: "Baba, tuweke mabao." Nikafurahi, sababu mbele ya kuingia shule ya Biblia nilifanya kazi kwa fundi wa mabao.

Nikapima chumba, nikahesabu. Nikaona kama tukiacha pasipo mabao chini ya frigo na kuzinyere, tutapata faida ya mabao sita. Nani atatazama chini ya frigo? Bibi akasimama mulangoni, akauliza: "Baba, siku frigo itaharibika, itatokea wapi?" Nikamujibu: "Mama, uniachie, hii ni kazi ya wanaume." Neno lile ninalijutia mpaka leo.

Mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, frigo ikanyamaza. Ndani mulikuwa nusu ya katoni ya samaki. Fundi wa frigo akakuja, akainama, akavuta. Haikutoka. Mbele ya miguu yake kulikuwa ukingo wa sentimeta 4: mabao ya sentimeta 2, yaliyopigwa juu ya vipande vya sentimeta 2. Na juu, kati ya frigo na meza ya sima, nafasi ilikuwa sentimeta moja na nusu tu. Kuiinua, hapana. Kuiinamisha, hapana. Frigo ilikuwa mufungwa katika nyumba yetu. Ilitupasa kungoa mabao matano mapya, na wakati ule samaki ikaoza. Bibi hakusema neno. Alichukua ndoo, akaanza kutoa samaki.

Sasa, ndugu, shika mambo haya.

Pima juu mbele ya kupima chini. Chukua mita. Pima urefu wa frigo, kisha pima kutoka chini mpaka chini ya meza. Kama frigo ni sentimeta 85 na meza iko kwa 88, uko na nafasi ya sentimeta 3. Ukiweka mabao na vipande vyake vya sentimeta 4, frigo haitaingia tena. Ukibandika mabao ya sentimeta moja na nusu kwa gundi juu ya sima, itaingia. Lakini usisahau kwamba frigo inahitaji hewa nyuma na juu yake. Kama nafasi haitoshi, inua meza ama hamisha frigo.

Tenga vyenye kutoka na vyenye kubaki. Kabati lililojengwa kwa ukuta halitoki. Mabao yasimame kwa mguu wake. Usiyasukume chini yake. Lakini frigo na kuzinyere hutoka. Chini yao mabao yaende mpaka kwa ukuta wa nyuma, ili chini pote pawe sawasawa na uweze kuvivuta. Yale mabao sita niliyotaka kubakiza, ndiyo yaliyoniangusha.

Achia muti nafasi. Muti uliokatwa ungali unatembea. Hapa Katanga, kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa hewa ni kavu, na mabao yanajikunja. Mvua ikiingia, mabao yanakunywa unyevu na kupanuka, zaidi kwa upana, kidogo sana kwa urefu. Kama umeyabana kwa ukuta na kwa kabati, yatainuka katikati kama mugongo wa paka. Acha nafasi ya sentimeta moja mpaka moja na nusu kando zote, hata kuzunguka bomba la maji. Kisha funika nafasi ile kwa kijiti chembamba, ukipigilie kwa kabati ama kwa ukuta, usikipigilie kwa mabao. Mbele ya kazi, panga mabao ndani ya nyumba majuma mawili, na vijiti katikati yao ili hewa ipite. Mulombwa ni muti muzuri kwa kazi hii, sababu hautembei sana. Lakini nunua kwa mutu mwenye karatasi za haki: tangu 2023 miti yote ya jamaa ya mulombwa na mukula katika Afrika imewekwa chini ya mapatano ya CITES, yenye kulinda biashara kati ya inchi na inchi.

Tafuta maji. Nyumba nyingi za zamani hazina plastiki chini ya sima. Bandika kipande cha plastiki cha mita moja kwa mita moja chini, ufunge kando zote, uache siku moja ama mbili. Ukikuta matone chini yake, usiweke mabao bado. Tengeneza pia bomba lenye kuvuja chini ya mahali pa kuoshea vyombo. Tone moja la kila siku litaozesha mabao pasipo wewe kuona.

Linda mikono yako na kazi yako. Mbele ya kugusa waya za kuzinyere, zima dijonkteri, hata kama umeme umekatika. Mara nyingi unarudi pasipo kupiga hodi. Kwa kurudisha frigo, weka chini kipande cha triplex uipitishe juu yake; miguu yake isikwaruze mabao. Kwa fremu ya mulango, lalisha kipande cha bao chini, weka musumeno juu yake, ukate mguu wa fremu. Bao litaingia chini yake vizuri. Na mulango wenyewe uupunguze kwa randa, usipofanya hivyo utakwama.

Leo frigo yetu inasimama karibu na mulango wa nyuma. Ni bibi aliyechagua mahali pale. Chini ya meza ya sima, pale ilipofungwa, tumeweka masufuria. Nilimuomba samaha mbele ya watoto, na feza ya samaki nikairudisha kidogo kidogo, miezi mitatu.

Vijana, ninyi wenye kujifunza kazi ya mabao, mukiitwa kwa nyumba ya mutu, musiongee na baba peke yake. Ingieni jikoni, muulize mama: anasimama wapi, anavuta nini, anafungua mulango gani? Yeye hupita pale mara mia kwa siku. Kisha mutoe mita.